Shingo Tupu ya Amman

Kalibu ilivunjwa asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kwa muda mrefu hapakuwa na neno baya. Mzee Ekambaram alipiga nyundo taratibu, udongo ulioungua ukadondoka mabonge kwa mabonge, na Amman, mungu mama wa shaba, akaanza kutoka mle ndani: kwanza kiuno, halafu mkono ulioinuliwa kushika ua, halafu uso ambao ulikuwa bado haujachongwa macho. Alikuwa mweusi kwa masizi kama mtu aliyeshinda jikoni, lakini alikuwa mzima. Vidole vyote vilikuwepo. Hakuna ufa, hakuna tundu la hewa. Sabesan, kijana wa mzee, alimmwagia maji mabegani huku akitabasamu peke yake, na mzee akachukua brashi ya waya akaanza kusugua.

Alisugua taji. Alisugua masikio na hereni zake. Akashuka shingoni, akasugua, akasimama, akasugua tena pale pale. Akachovya kidole majini na kukipitisha juu ya shaba polepole.

"Sabesan, niletee taa."

"Baba, jua lote hili?"

"Nimesema taa."

Sabesan aliwasha tochi ya simu, na tochi haikusaidia kitu. Mikufu ilikuwepo yote, mipana na myembamba, imelala vizuri kifuani. Lakini katikati, pale ambapo kila mwanamke aliyeolewa katika Swamimalai na vijiji vyote vya mto Kaveri huvaa thali, kile kidani kidogo anachofungwa na mumewe siku ya harusi na ambacho hakivuliwi mpaka mume afe, palikuwa patupu. Hapakuwa na thali wala alama ya thali. Amman, mke wa Bwana Shiva, ametoka tanurini akiwa na shingo ya mjane.

"Thaiyal," mzee akaita upande wa jiko.

Thaiyal alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, amekaa kwenye ngazi, mikono mapajani. Ndipo alipokaa kila saa ya heri ilipofika katika karakana ya baba yake. Siku ya kumimina metali alikaa pale. Siku ya kuvunja kalibu alikaa pale. Hakuna aliyemfukuza, haikuhitajika. Mumewe alikufa Tiruppur, alikokuwa akifanya kazi kiwanda cha fulana, na tangu aliporudi nyumbani na begi lake moja alijua mwenyewe wapi pa kusimama na wapi pa kutosimama.

Aliingia, akainama kutazama mahali kidole cha baba yake kilipokuwa.

"Mama hakuweka," akasema.

"Mama yako alikuwa na homa."

"Niliacha nafasi, baba. Siku zote naacha nafasi."

Mzee alijua. Wote watatu walijua. Hakuna aliyekuwa na mkono wa Thaiyal katika nta, ile sanamu ya kwanza inayopakwa udongo na kuyeyushwa ili shaba ichukue nafasi yake. Mzee mwenyewe alikuwa akifinyanga mwili kwa vipimo vyake vya ukuti wa mnazi uliokunjwa mara kadhaa, lakini mapambo yote, mikufu na vikuku na mishipi, maua ya nywele, hata vile vipini vya pua vidogo kama punje ya ufuta, yalikuwa ya binti yake. Aliviringisha uzi wa nta juu ya kibao mpaka ukawa mwembamba kama unywele, akaulaza juu ya mwili wa mungu kwa ncha ya kijiti. Kitu kimoja tu hakukigusa. Thali iliwekwa na mama yake, Sornam, kwa sababu Sornam alikuwa na mume hai. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na aliyeitunga ni Sornam mwenyewe.

Safari hii Sornam alikuwa kitandani anatetemeka. Kuhani wa kijiji kilichoagiza sanamu alikuwa ameshapiga simu na kutaja saa njema ya kupaka udongo wa kwanza. Saa ilipofika, Thaiyal akaondoka karakanani, kama kawaida yake. Mzee na Sabesan wakapaka udongo juu ya nta kwa haraka ili saa isipite. Macho ambayo yangeiona shingo tupu kwa mtazamo mmoja yalikuwa nyuma ya ukuta, yanatazama moto wa jiko. Ndivyo ilivyokuwa, hata leo ukiwauliza watakwambia hivyo hivyo.

Mchana ule hakuna aliyekula vizuri. Sornam alipakua wali na supu ya ndimu chungu, akapakua tena kwa sahani ambazo hazijaguswa, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijui kufanya kingine.

"Nitaichomelea," Sabesan alisema. "Kathali kadogo, natengeneza pembeni, nakachomelea, napiga tupa, nasugua na ukwaju. Baba, nakuapia, hata wewe hutapaona."

"Nitapaona."

"Basi wao hawatapaona. Nusu ya sanamu zinazouzwa barabara kuu zina viraka vingi kuliko shati langu la shule, na watu wanazipiga picha."

"Zile ni za kuwekwa sebuleni," mzee alisema. "Hii inaenda kuombwa. Mtu ana mtoto mgonjwa, anakuja kumlilia huyu, na wewe unataka alilie kiraka?"

Sabesan hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ndiyo iliyokuwa ikiuza sanamu zao ndogo mtandaoni nyumba ikapata mafuta ya taa na ada ya hospitali. Alifinya wali kwa vidole, akajaribu tena.

"Basi ichongwe. Pale kifuani shaba ipo. Tunapunguza pembeni, inabaki thali imesimama."

"Ukipunguza pembeni, kifua kinaingia ndani. Vipimo vinakufa. Amman atakuwa kama mtu mwenye kikohozi cha siku nyingi."

"Basi iyeyushwe," Sornam alisema, halafu akajishika mdomo.

Hilo kila mtu alikuwa akiliogopa. Nta ilishayeyuka na kumwagika, hakuna nakala. Kuanza upya ni miezi, na harusi ya Amman ilikuwa mwezi huu huu wa Panguni, mwezi ukiwa mpevu. Sanamu ya zamani ya kijiji cha Kuruvanur iliibiwa hekaluni na wezi zamani, na tangu hapo watu wa kule walikuwa wakimwoza Bwana Shiva kwa chungu cha maji kilichofungwa kitambaa. Mwaka huu waliahidiwa mke mwenye uso. Isitoshe, siku ya kumimina walikuja wenyewe, gari zima la kukodi, wanawake wamevaa hariri, na kila mmoja akatoa kitu cha dhahabu akakitumbukiza ndani ya metali inayochemka. Hereni. Kipini cha pua. Mmoja alivua pete, ikamkatalia kidoleni, akapakwa mafuta ya nazi hapo hapo mpaka ikatoka, na wenzake wakamcheka. Walisema ni kwa ajili ya thali ya Mama. Mkuu wa kijiji, Bwana Vaithilingam, alikuwa amelisema hilo kinaga ubaga tangu siku ya kuagiza: thali ionekane vizuri shingoni, akina mama wanaitaka.

"Kesho wanakuja kuangalia," mzee alisema.

"Mwambie umesahau," Sornam alimwambia mumewe. "Baba Thaiyal, mtu mzima anasahau. Sema mkono ulikuwa wako, ukasahau, na unaomba radhi. Usiwaambie habari za nafasi wala za nani anaweka nini. Wakiuliza nani alimvika Amman, tumekwisha. Watasema tumempa mungu wao nguo kutoka mikono ya..."

Thaiyal alikuwa pale pale, anakusanya sahani.

"Maliza tu, mama," Thaiyal alisema bila hasira. "Mikono ya mjane. Mimi mwenyewe najua jina langu."

Sornam alianza kulia. Alikuwa amedhoofika kwa homa, na machozi yalikuwa karibu. "Siyo kwamba nakubagua mwanangu. Nilikuwa nakukinga. Ningekutoa kabisa kwenye nta, dada zangu wote walisema nikutoe. Mimi nikasema hapana, nitaweka ile moja mimi, yote mengine abaki nayo. Nilidhani nimekutafutia pa kupumulia."

Na ukweli ni kwamba alikuwa amemtafutia. Thaiyal alilijua hilo na alishukuru, siku zote alishukuru, ingawa shukrani yenyewe ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wajane wengine aliowafahamu walikuwa wakichambua mchele wa watu. Yeye alikuwa na kibao chake, kijiti chake, na baba ambaye hakumuuliza hata siku moja kwa nini ua hili umeliweka hivi. Sasa wageni wakija na maswali yao, hicho kidogo kitaondoka. Alikwenda kuosha vyombo. Alivisugua mpaka mama yake akamwambia basi inatosha.

*

Walikuja asubuhi, watatu tu safari hii. Bwana Vaithilingam alishuka kwanza, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama. Nyuma yake akashuka kuhani, mtu mwembamba mwenye haya, na wa mwisho kabisa akashuka mama yake mkuu wa kijiji, Bibi Deivanai, ambaye hakualikwa na mtu. Alikuwa ameingia garini alfajiri, akakaa, akasema magoti yanamuuma lakini siyo leo. Alivaa sari isiyo na rangi ya maana, na paji la uso lake halikuwa na doa jekundu la wanawake wenye waume. Sornam aliyaona hayo yote kwa mara moja na kumketisha barazani, mbali kidogo na mlango wa karakana, kama ilivyo desturi. Bibi alikaa alipoketishwa. Akapokea kahawa yake.

Mzee Ekambaram hakuwazungusha. Aliondoa kitambaa, akawaonyesha shingo, akasema, "Thali haipo. Kosa ni langu."

Bwana Vaithilingam alitazama sanamu, akamtazama mzee, akaitazama tena sanamu. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kutoka masikioni.

"Haipo vipi?"

"Haikuwekwa kwenye nta. Nilisahau."

"Ulisahau." Mkuu wa kijiji aliligeuza neno lile mdomoni kama tonge lenye jiwe. "Mzee, tulikwambia jambo moja. Moja. Mikono, miguu, vipimo, hayo tukasema fundi anajua mwenyewe. Sisi tukaomba thali. Wake zetu wamevua dhahabu zao hapa, mbele yako. Nirudi niwaambie nini? Kwamba tumemletea Bwana Shiva mjane?"

"Nitaiyeyusha nianze upya. Dhahabu yao itabaki humo humo, haipotei."

"Na harusi je? Tumwoze chungu tena?" Alizunguka ile sanamu, mikono nyuma. "Mimi niliambiwa, Vaithi, huyo mzee siku zake zimepita, nenda kwa wale wa barabara kuu, wana mashine. Nikasema hapana, baba yake ndiye aliyemtengenezea baba yangu taa za hekalu. Kumbe nilikuwa najitia upofu. Mtu akishasahau thali ya Amman, kesho atasahau kichwa. Macho yameisha, mzee. Kaa nyumbani ule uji, mwachie kijana."

Mzee Ekambaram alisimama tu. Alikuwa ameshika kitambaa kile mkononi, na alikikunja, akakikunja tena, mtu ambaye wakuu wa mahekalu walikuwa wakimwita fundi na kumsogezea kiti. Angeweza kusema neno moja tu akajitoa katika aibu ile, na hakulisema, na wala hakutazama upande wa jiko.

Thaiyal aliyasikia yote kutoka kwenye ngazi yake. Alijiambia kaa, mama amesema kaa. Akakaa. Halafu alisikia lile la uji, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshavuka kizingiti cha karakana, na wageni wote wanamtazama.

"Baba hakusahau," alisema. "Baba haweki mapambo. Naweka mimi. Kila kitu alichovaa Amman nimekiweka mimi, isipokuwa thali, kwa sababu mume wangu amekufa na nyumba hii ina adabu zake. Thali anaweka mama. Mama aliumwa. Saa ya udongo ilipofika nilitoka nje, kwa sababu ni saa njema, na mimi siyo mtu wa saa njema. Ningekuwepo ningeona. Baba hana kosa. Macho yake ni mazima kuliko yako, bwana, nisamehe."

Nyuma yake Sornam alitoa sauti ndogo na kuegemea mlango.

Bwana Vaithilingam akamgeukia kuhani, kwa sababu jambo limemshinda na kuhani yupo kwa kazi hiyo.

"Umesikia? Mapambo yote. Mjane."

Kuhani alijikuna kidevu. Macho yake yalikuwa juu ya mikufu ya Amman, na yalichelewa hapo zaidi ya ilivyohitajika, maana ilikuwa mikufu mizuri, na yeye alikuwa mtu aliyemvika mungu kila siku ya maisha yake na alijua kitu kizuri akikiona. "Ni jambo la kufikiriwa," alisema. "Siyo jambo la kawaida. Inawezekana kukafanywa sala ya kusafisha. Au inawezekana ikaonekana kwamba..."

"Kuhani," sauti ilitoka barazani, "Vaithi, njooni mniinue. Nataka kumwona mwenyewe."

Hakuna aliyesogea. Bibi Deivanai akajiinua mwenyewe, akaingia karakanani na fimbo yake, na Sornam, aliyemweka kule mbali, hakuthubutu kumzuia. Alikwenda mpaka mbele ya sanamu. Alimtazama Amman kwa muda, usoni, mikononi, miguuni, kama mama anayemkagua mkwe.

"Mzuri," alisema. "Kuhani, mimi ni mzee, nisaidie. Siku ya harusi, wewe unamfanyia nini huyu?"

"Unajua, bibi. Tunamwogesha, tunamvika hariri, tunawasha moto, na kwa niaba ya Bwana Shiva namfunga thali."

"Unamfunga thali. Ya dhahabu, kwenye uzi wa manjano."

"Ndiyo, bibi."

"Kila mwaka."

"Kila mwaka."

"Basi nieleze. Nyote mlitaka aje na thali shingoni, imemiminwa, haitoki. Halafu wewe uje umfunge nyingine juu yake." Bibi alimgeukia mwanawe. "Vaithi, mwanamke anayekuja ukumbini na thali shingoni ni nani?"

Bwana Vaithilingam alitazama fimbo ya mama yake.

"Ni mke wa mtu," Bibi alisema. "Mlitaka kila mwaka tumwoze Bwana Shiva mke wa mtu. Mbele ya wageni, na ngoma zinapigwa."

Sabesan alicheka kwanza. Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikakataa. Kuhani aliinamisha kichwa na mabega yake yakaanza kutikisika. Hata mzee Ekambaram, aliyekuwa amekikunja kitambaa mpaka kikawa kama kitabu, aliachia pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu jana.

"Lakini mama," mkuu wa kijiji alisema, "ile ya zamani ilikuwa na thali. Nakumbuka."

"Unakumbuka nini wewe? Ulikuwa unanyonya kidole. Uliona dhahabu inang'aa kwa mbali, nayo ni hiyo hiyo iliyofungwa na babake kuhani huyu. Kama chini yake palikuwa na nyingine, mimi sijui, na wewe hujui, na wezi hawatarudi kutuambia. Bibi harusi anakuja harusini na shingo tupu. Mimi nilikuja hivyo. Mkeo alikuja hivyo. Huyu naye amekuja hivyo. Kuna ajabu gani?"

"Kwa upande wa thali," kuhani alisema, akijifuta macho, "kwa kweli sina pingamizi. Ni sahihi kabisa. Hata ni bora zaidi." Akasita. "Lakini ile habari ya mikono..."

Bibi Deivanai aliketi juu ya kigoda cha Thaiyal, kile cha kufanyia nta, bila kujua ni cha nani. Alipumua.

"Maua yanayotoka nyumbani kwetu kila alfajiri," alisema, "yale mashada unayomvisha Amman, kuhani, unajua anayeyatunga?"

"Mke wa Bwana Vaithilingam."

"Mke wa Vaithi saa hizo anakoroma, maskini, ana watoto. Ni mimi. Tangu baba yake Vaithi afe. Natunga, mkwe wangu anayabeba mpaka hekaluni na unampa baraka, anakuja nayo nyumbani. Miaka yote hiyo mvua imenyesha, mpunga umeota, wajukuu wamezaliwa. Kama mikono ya mjane ingekuwa na sumu, Kuruvanur isingekuwepo." Halafu akamtazama Thaiyal, na akaongea naye kama hakuna mtu mwingine mle ndani. "Wewe binti, ule mkufu wa chini, wenye vijiua. Unauweka kwa kitu gani? Kwa sindano?"

"Kwa kijiti cha mwanzi, bibi. Kimechongwa."

"Mimi kwa nyuzi za mgomba. Vidole sasa vinakataa." Alitikisa kichwa. "Umemvika vizuri sana. Asante, mwanangu. Asante."

Tangu Tiruppur hakuna mtu wa nje aliyemwambia Thaiyal neno hilo kwa kazi yake, kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyejua kwamba ni kazi yake. Akainama kugusa miguu ya bibi yule kwa heshima, na aliinama kwa muda mrefu kwa kuwa hakutaka wamwone uso. Mzee Ekambaram aligeuka upande wa ukuta na kuanza kutafuta brashi iliyokuwa mbele ya macho yake.

Bwana Vaithilingam alibaki ameduwaa. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu, na amegundua mbele ya watu kwamba hajui hata nani anatunga maua nyumbani kwake. Mwishowe aliomba kahawa nyingine. Alipoipokea alimwambia mzee, bila kumtazama sawasawa, "Lile la uji, fundi. Lilinitoka."

"Uji naupenda," mzee alisema. "Wewe kunywa kahawa."

*

Kuna sehemu moja ya kazi ambayo haifanyiki karakanani. Macho ya Amman yanafunguliwa hekaluni, mahali atakapoishi, na fundi mwenyewe, kwa patasi ndogo ya dhahabu, nyuma ya pazia. Akishamaliza, fundi anajitoa pembeni haraka, pazia linavutwa, na mungu anaona ulimwengu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo watu hupanga kwa uangalifu mkubwa kitakachokuwa mbele yake. Kuruvanur walipanga ng'ombe na ndama wake, nafaka mpya kwenye sinia, wasichana wadogo wenye sketi za hariri, na nyuma ya wasichana wanawake walioolewa, wamejaa maua vichwani, kila mmoja amekanyaga mguu wa mwenzake ili asogee mbele. Yule aliyevua pete kwa mafuta ya nazi alikuwa amefika mstari wa kwanza kwa nguvu za kiwiko.

Sornam aliwekwa katikati yao, mahali pa heshima, mke wa fundi. Alikuwa amevaa sari yake ya rangi ya bilingani, ile ya harusi ya Thaiyal.

Thaiyal alikuja kwa sababu Bibi Deivanai alituma ujumbe kwamba asipokuja, bibi hatatunga shada la harusi, na waone nani atalitunga. Lakini kuja ni jambo moja. Alipoingia uani na kuona mistari ile, miguu yake ilijua njia yenyewe. Alikwenda nyuma kabisa, kwenye ukuta, karibu na kisima, ambako bibi yule alikuwa ameketi juu ya gunia na kapu la asmini. Akakaa kando yake akaanza kumpitishia maua. Hakusikitika. Ni lazima jambo hili lisemwe, maana watu humwonea huruma bure: siku ile alikuwa na furaha. Baba yake alikuwa nyuma ya pazia lile na patasi mkononi, jina lake safi. Kibao chake kilikuwa nyumbani kinamngoja. Alikuwa na mtu wa kukaa naye ukutani. Alimshukuru Mungu kwa hayo na hakuomba zaidi.

Tarumbeta ndefu zikaanza. Ngoma zikapamba moto. Nyuma ya pazia kulisikika nyundo ndogo, tik, tik, halafu kimya, halafu tik. Watu wakaacha hata kukohoa.

Hapo Sornam akageuka. Wenzake walidhani anatafuta hewa. Alitazama juu ya vichwa, upande huu na upande ule, mpaka akauona ukuta, na binti yake chini ya ukuta na mapaja yaliyojaa maua. Alitoka katika mstari. Mwanamke wa nyuma yake akapajaza mahali pale kabla hajapiga hatua ya pili. Sornam alipita katikati ya watu, amebana sari yake, akafika kisimani akiwa anahema, maana bado hajapona vizuri.

"Inuka," alisema.

"Mama, rudi. Wanafungua sasa hivi."

"Ndiyo maana nasema inuka."

"Mama, kuna watu."

"Nimewaona watu. Nimekaa nao asubuhi nzima." Alimshika mkono. "Nilikuwa nawaogopa wao, nikakuweka wewe gizani. Miaka yote nimeweka kile kidude kimoja tu, nikajiona nimefanya kazi. Inuka, Thaiyal. Mtu amvishe Amman kutoka utosini mpaka vidole vya miguu, halafu mtu huyo asimwone?"

Maua yakamwagika. Bibi Deivanai akasema nendeni, nendeni, mimi nitayaokota. Sornam alirudi mbele akimvuta binti yake, na ule umati wa hariri uliokataa kumpisha mtu yeyote tangu alfajiri ukawapisha, wengine kwa mshangao, wengine kwa kununa, na yule mwenye kiwiko, baada ya kumtazama Thaiyal juu mpaka chini, akasogea hatua moja kando na kumwonyesha kwa kidevu: simama hapa. Karibu na pazia, kuhani aliwaona wakija. Alikuwa na muda wa kusema neno. Badala yake aliinama akarekebisha utambi wa taa.

Mzee Ekambaram akatoka pembeni, jasho linamtiririka. Pazia likavutwa.

Wanawake wakalia kwa sauti moja. Amman alikuwa anatazama. Macho yalikuwa marefu, yametulia, na shingo yake ilikuwa tupu kama ya msichana yeyote anayesubiri harusi yake. Alimwona ng'ombe na ndama, akawaona wasichana, na katikati ya wake za watu akamwona mwanamke kijana aliyevaa sari nyeupe, asiye na ua wala doa, amesimama wima na machozi yanamshuka bila kuyafuta. Asingeweza kuyafuta. Mama yake alikuwa ameushika mkono wake kwa nguvu mpaka unauma, na hakuuachia mpaka ngoma zilipokwisha.